Rekodi ya Mama Mongella na kiti cha Ukerewe: nipangeje jedwali?

Nansio_Bandarini:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa kumbukumbu ya wabunge wa Ukerewe, jimbo letu la visiwani Ziwa Victoria, na nimekwama kwa Mama Gertrude Mongella. Chanzo kimoja kinamwanzishia ubunge 2000, kingine kinamtaja waziri miaka ya themanini, cha tatu kinasema 2004 hadi 2009 alikuwa Rais wa Bunge la Afrika. Sasa alikuwa Dodoma au Afrika Kusini? Na baada yake kiti kilikwenda kwa nani? Nataka jedwali ambalo mtu wa kisiwa cha Ukara au wa Mwanza mjini akilisoma asipate pa kulipinga.

Kisorya_Rugezi:
Mkuu, vyanzo vyako havipingani, vinazungumzia vyeo tofauti. Tenganisha safu tatu: alichopigiwa kura na wananchi, alichoteuliwa na Rais, na alichochaguliwa na wabunge wenzake. Ukivichanganya hutatoka.

Cha kwanza: mbunge wa jimbo la Ukerewe kwa CCM, 2000 hadi 2010. Hiyo ni mihula miwili, yaani chaguzi mbili alizoshinda.

Cha pili: uwaziri wa miaka ya themanini. Hapa ndipo wengi wanakosea. Waziri lazima awe mbunge, ni kweli, lakini enzi za chama kimoja njia za kuingia bungeni zilikuwa nyingi, si jimbo peke yake. Kwa hiyo usimwandike mbunge wa Ukerewe mwaka 1985 kwa sababu tu alikuwa waziri mwaka huo. Kwanza utafute aliingia bungeni kwa njia ipi. Na ukikuta matokeo ya jimbo ya wakati ule, kumbuka mpiga kura aliwekewa wagombea wawili waliopitishwa na chama, mmoja alama ya jembe na mwingine nyumba. Asilimia za aina hiyo usiziweke mstari mmoja na za vyama vingi, kuanzia 1995, maana ushindani haukuwa wa aina moja.

Ukatibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, Beijing, Septemba 1995, nao ni uteuzi, wa Umoja wa Mataifa. Haumo kwenye safu ya kura.

Cha tatu, Bunge la Afrika. Kila nchi mwanachama hupeleka wabunge watano, angalau mmoja awe mwanamke, na wanachaguliwa na Bunge la nchi yao. Kwa hiyo hakuacha Ukerewe. Kiti cha Ukerewe ndicho kilichomfungulia mlango. Bunge hilo lilizinduliwa Addis Ababa Machi 2004, likamchagua awe Rais wake wa kwanza, kisha likahamia Midrand, Afrika Kusini. Andika wazi pia kwamba lilikuwa chombo cha kushauri, halikutunga sheria za kuzibana nchi.

Fomu24B:
Naongezea kwenye tarehe. 2000 ni 29 Oktoba. 2005 wengi huandika 30 Oktoba, na hapo wanakosea: kwa upande wa Muungano uchaguzi uliahirishwa baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA kufariki, ukafanyika 14 Desemba. Waliopiga kura 30 Oktoba ni Zanzibar, kwa nafasi zao za kule. 2010 ni 31 Oktoba, 2015 ni 25 Oktoba, 2020 ni 28 Oktoba.

Kwa idadi za kura usitegemee magazeti ya siku ya pili, mara nyingi yalichapwa majumlisho yakiwa hayajakamilika. Kwa chaguzi za karibuni tafuta fomu 24B, ndiyo ya matokeo ya ubunge kwa jimbo zima. 21B ni ya kituo kimoja. Kwa Ukerewe tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu matokeo ya visiwani hufika kwa maji na huchelewa kuliko ya Nansio, makao makuu ya wilaya. Mtu akikuonyesha karatasi na kusema "haya ndiyo matokeo", tazama namba ya fomu kwanza.

Na ukitafuta kwa jina, jaribu "Gertrude" na "Getrude", kumbukumbu zetu zina yote mawili. Ukiandika "Mongella" peke yake utaletewa pia John Mongella aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza.

Mtaa_wa_Kirumba:
Baada yake: 2010 Salvatory Machemli, CHADEMA. 2015 Joseph Mkundi, CHADEMA. Watu wawili, chama kimoja, kwa hiyo usiandike "CHADEMA ilitetea mbunge wake".

Kwa Mkundi weka mistari miwili. Mwaka 2018 alihamia CCM, na Katiba ibara ya 71 inasema mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni kiti chake kinakuwa wazi. Akarudi kwa tiketi ya CCM, kisha akashinda tena 2020. Ukiandika "2015 hadi 2020" bila kukata hapo katikati, msomaji hatajua kwamba kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara, 20 Septemba 2018, jimbo lilikuwa bado na mbunge wa upinzani.

Kura za maoni za CCM zisiingie kabisa kwenye safu ya ushindi. 2010 walipiga wanachama wote wenye kadi, 2020 walipiga wajumbe, na mara zote mbili vikao vya juu ndivyo vilivyopitisha jina la mwisho.

Nansio_Bandarini:
Shukrani sana wakuu. Je, niweke idadi ya maswali aliyouliza kila mbunge?

Kisorya_Rugezi:
Weka, ila tenga swali la msingi na la nyongeza. La msingi lina namba na limeandikwa kabla, la nyongeza linaulizwa papo hapo. Na mbunge akiwa waziri au naibu waziri haulizi, yeye ndiye anayejibu. Kwenye miaka hiyo andika "serikalini", usiweke sifuri. Kisha fungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, za siku zenyewe na utafute "Ukara", "Nansio" na "kivuko". Hapo ndipo utaona nani alilisemea jimbo na alijibiwa nini.