Kikundi cha ukoo: kila mmoja aseme anasoma kitabu gani

Shangazi Mwanaesha (Lamu): Assalaam alaykum jamaa zangu wa Amu, yaani hapa Lamu, wa Malindi na mlio mbali. Kikundi hiki tumekizoea kwa habari za arusi, maziko na wagonjwa, nazo ni habari za lazima. Leo naomba kila mmoja aseme anasoma kitabu gani, na amekusudia kusoma kipi baadaye. Nataka tuchague kimoja kitakachosomwa kwa sauti hapa nyumbani Mkomani usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, wakubwa kwa wadogo, na walio mbali wafuatilie kwa simu.

Bakari (Malindi): Wa alaykum salaam, Shangazi, na shikamoo. Mimi ninasoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994, na ikabidi miaka 28 ipite ndipo tuipate kwa Kiswahili, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri ambaye amezoea kumwita ami, naye anadhani anakwenda kutembea tu, kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni lililomshinda. Nimefika pale msafara unapoelekea bara, na ninasoma polepole kwa makusudi, kwa sababu watu wale wa dukani na mazungumzo yao ya jioni nawasikia kama majirani zangu.

Ami Shee (Lamu): Bakari, huyo mtoto anajuaje kwamba yeye ni rehani?

Bakari (Malindi): Ami, anaambiwa na Khalil, kijana wa dukani aliyeletwa kwa njia hiyo hiyo kabla yake. Khalil anamkataza hata kuendelea kumwita tajiri yule ami. Anamtaka amwite Seyyid, yaani bwana. Pale nilifunga kitabu kwanza, nikashindwa kuendelea usiku ule.

Ami Shee (Lamu): Ukikimaliza, mimi ndiye wa kwanza kukiazima.

Zuhura (Nairobi): Shikamooni nyote. Mimi ninasoma *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin anaozwa angali mdogo kwa mwanamume aliyemzidi umri mno, anakimbia, kwao anakataliwa, na hatimaye anajikuta katikati ya vijana wanaopambana na ukoloni Unguja. Ninachokipenda zaidi ni kwamba mwandishi anamwacha Yasmin akose, achague na aishi, bila ya kumsimamia kwa fimbo ya mawaidha. Baadaye nitasoma *The Dragonfly Sea* ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2019, ambayo inaanzia kisiwa cha Pate, kwa msichana aitwaye Ayaana anayepelekwa mpaka China. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitawasimulia sura baada ya sura.

Mama Rukia (Lamu): Wanangu, macho yangu hayavumilii tena herufi ndogo. Kwangu mimi kusoma sasa ni kusomewa, na mjukuu wangu akirudi madrasa hunisomea kurasa mbili tatu kabla ya kulala. Kitakachochaguliwa naomba kiwe ni cha kusikilizwa, maana si kila maandishi yanasikilizika. Mengine yameandikwa kwa ajili ya jicho peke yake.

Ami Shee (Lamu): Kwa hilo la kusikilizwa, mimi nimerudia *Sambo ya Kiwandeo* ya marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, Mungu amrehemu. Ni utenzi unaoeleza jinsi chombo cha Amu kinavyoundwa, nao ulichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Mimi niliyekulia kwa mafundi wa Matondoni ninaposoma habari za mkuku, mataruma, mlingoti, foromali na tanga, naona kwamba mtu huyu alikaa na mafundi akawasikiliza kwa heshima, hakukisia. Wajukuu zetu wanaijua mashine ya boti na bei ya petroli, nami siwalaumu, lakini majina ya viungo vya jahazi yakipotea vinywani mwao, mahali pa kuyatafuta ni mumo humo.

Shangazi Mwanaesha (Lamu): Ahsante Shee, na hicho kina zamu yake. Sasa niseme langu. Ninasoma, na ninapendekeza tusome sote, *Utendi wa Mwana Kupona*, beti 102 alizozitunga Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima.

Zuhura (Nairobi): Shangazi, kwa adabu zote, nina dukuduku. Nauheshimu utendi huo, lakini beti zake zinazojulikana zaidi ni zile zinazomwagiza binti amtumikie mume, akilala asimbandukie, ampapase na kumpepea. Tena ipo beti inayomwambia asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Tukizisoma mbele ya wasichana wetu wadogo, kwa sauti, katika mwezi mtukufu, bila ya mazungumzo yoyote, watatoka pale na nini?

Bakari (Malindi): Swali la Zuhura lina uzito, tena mimi ninayesoma habari za mtoto wa rehani siwezi kulipita.

Shangazi Mwanaesha (Lamu): Zuhura mwanangu, hujanikosea adabu. Sitaki beti hizo zirukwe, wala sitaki zisomwe kana kwamba zimetungwa jana. Yule mama alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mtu aliyesimama dhidi ya Sultani wa Unguja, na mwenyewe anasema maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Alikuwa akimwacha binti katika mji wa waungwana na watumwa, mji ambao mwanamke asiye na mume wala baba alikuwa na pa kuegemea pachache, na akampa kile alichoamini kuwa kitamlinda. Tunaweza kukipima, na tunaweza kusema kwamba leo kinga ya binti zetu ni nyingine. La watumwa ni dhuluma, na nitalisema hivyo mbele ya watoto.

Lakini tazama anavyoanza. Anamwita binti yake aje akae karibu, aje na wino na karatasi. Na anapomaliza anawataka wanawake wote wausome na waufahamu. Hii ni 1858, Zuhura, na mwanamke wa visiwa vyetu hana shaka kwamba wanawake wenzake watasoma. Jambo la pili ni kwamba watu wengi huishia kwenye beti za mume, kisha husema wameujua utendi. Baada ya hapo mama yule anamgeukia Mola wake, anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote, kisha anajiombea mwenyewe afya, na dua hiyo ni ndefu. Kwangu mimi kitovu cha utendi ni pale, na shuleni mara nyingi hapafikiwi.

Zuhura (Nairobi): Nimeelewa, Shangazi. Hilo la wino na karatasi sikuwa nimelizingatia kabisa. Bado naona beti za mume zitahitaji mjadala, na sitaki uwe mjadala wa watu wazima peke yao. Nakubali, kwa sharti kwamba kila usiku tukimaliza kusoma, wasichana ndio waulize kwanza.

Shangazi Mwanaesha (Lamu): Sharti limekubaliwa.

Mohamed (Pate): Samahani kwa kuchelewa, mtandao huku ulikuwa dhaifu. Mimi nimo ndani ya *Al-Inkishafi*, utungo wa kale wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Kuusoma hapa Pate si sawa na kuusoma kwingine: anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yalivyokuwa na taa na vyombo vya thamani, kisha yalivyobaki na popo, na mimi nikiinua macho nayaona magofu yenyewe, watu wakilima tumbaku kati ya kuta. Naomba uwe wa pili.

Ami Shee (Lamu): Nauunga mkono, ingawa lugha yake ni nzito kwa watoto. Tuuache mpaka baada ya Idi, ili tupate usiku mrefu wa kuufafanua.

Shangazi Mwanaesha (Lamu): Basi Ramadhani ni Mwana Kupona, na baada ya Idi ni *Al-Inkishafi*. Beti kumi kwa usiku zinatosha, na mjukuu wa Rukia ataanza.

Mama Rukia (Lamu): Aanze yeye, lakini tukifika kwenye dua mniachie mimi. Hizo nilifundishwa na mama yangu, sihitaji kuzitazama.

Zuhura (Nairobi): Mama Rukia, naomba mzirekodi, nami nizisikilize huku.

Bakari (Malindi): Na *Peponi* nitaimaliza wiki hii, inshallah. Ami Shee, nitampa mtu wa basi la Mokowe, pale bandarini bara, nawe mwagize kijana wa boti aipokee.

Ami Shee (Lamu): Ifunge vizuri isiingie maji.