Ukoo wa Chumbageni 🏠 (siasa marufuku)

*Jumapili*

Salim (Columbus): Shikamooni nyote. Naweka picha hapa. Mama usiifungue.

[picha]

Mama Salim: Nimeshaifungua. Nini hicho?

Salim (Columbus): Chatu. Mdogo tu.

Shangazi Rukia: Audhubillahi!!

Shangazi Rukia: Wewe Salim, huko Ohio ulikwenda kusoma au kuagua?

Zuhura: 😂😂😂

Salim (Columbus): Mwanafunzi wa mlango wa pili kahama, kamwacha na tangi lake la kioo. Nisingemchukua angekufa. Ana mwaka na ushee lakini ana gramu 138. Wenzake wa umri huo wanapita 400.

Zuhura: 138? Embe dodo linamzidi.

Salim (Columbus): Alikuwa anapewa kitoto kimoja cha panya kwa mwezi, tena kile cha pinki kisicho na manyoya. Ukimpitishia kidole mgongoni unausikia uti umesimama kama paa la makuti. Mwenye afya anakuwa mviringo kama mchi. Huyu ni pembetatu, na ubavuni ngozi imekunjamana.

Mama Salim: Umempima na nini?

Salim (Columbus): Mizani ya jikoni

Mama Salim: Ipi?

Mama Salim: SALIM. Ile niliyokununulia ya unga?

Salim (Columbus): Niliweka bakuli juu mama. Yeye mwenyewe hakuigusa.

Shangazi Rukia: Wifi mimi simo. Ila kama kiumbe kina njaa si akipe kuku kishibe, yaishe?

Salim (Columbus): Shangazi ndilo kosa nililofanya. Siku ya kwanza nilimwonea huruma, nikampa panya wa gramu 30. Alimmeza vizuri kabisa. Juzi usiku kamtapika mzima mzima. Harufu yake sitaisahau, nililala na madirisha wazi na nje baridi.

Mjomba Hamisi: Salim. Ndani ya hilo tangi kuna joto kiasi gani?

Salim (Columbus): Shikamoo mjomba. Mchana 25 hivi. Usiku nimekuta 21.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Basi hukumlisha, ulimwekea mzoga tumboni. Nyoka hana moto wake mwenyewe, tumbo lake linafanya kazi kwa joto la nje. Pasipo joto chakula kinaoza kabla hakijasagika. Anza na joto, chakula baadaye.

Mjomba Hamisi: Na jambo la pili. Nilipokuwa bwana mifugo Korogwe, ndama aliyekonda hukumfungulia pumba ale atakavyo. Ungemkuta kafa asubuhi. Mwili uliozoea njaa unashtuka. Ninyi wenyewe Ramadhani mnafungua kwa tende na uji, nani anafungua kwa pilau?

Zuhura: Baba Abdul 😂

Shangazi Rukia: Zuhura mwache mume wangu

Salim (Columbus): Hata daktari kasema hivyohivyo mjomba. Nilimpeleka kwa wa wanyama wa kigeni, kamwangalia mdomo, kifua kama hakikoromi, na kinyesi kama kuna minyoo. Hana minyoo. Utitiri alikuwa nao kidogo chini ya kidevu, nimepewa dawa.

Mjomba Hamisi: Hao utitiri wanamnyonya damu ambayo hana. Safisha tangi lote.

Salim (Columbus): Kwa hiyo wiki mbili hali kitu. Maji tu. Na haguswi.

Mama Salim: Wiki mbili bila kula na ndiyo unamponya?

Salim (Columbus): Koo na tumbo vimeungua kwa kutapika mama. Akila kesho atatapika tena, na kutapika kwa pili ndiko kunakoua.

*Jumatano*

Salim (Columbus): Nimefunga kipasha joto chenye themostati, kinajizima joto likitosha. Upande mmoja 32, wa pili 26, achague mwenyewe. Maficho mawili, moja kila upande, ya kubana. Yakiwa mapana anajiona yuko uwanjani, na mwenye hofu hali. Unyevu nautaka asilimia 60 hadi 70, hapa hewa kavu, napuliza maji kila saa.

Zuhura: Joto 32 na unyevu 70? Mlete Tanga, vyote bure.

Shangazi Rukia: ASILETWE

Zuhura: Shangazi huyu si yule wa kwetu wa kumeza mbuzi. Nimesoma, anaitwa ball python, kwao Ghana, Togo, Benin, na Uganda wanafika. Wengi hawapiti mita moja na nusu. Akiogopa anajikunja donge, anaficha kichwa katikati.

Shangazi Rukia: Na mimi nikiogopa nakimbia. Wanaishi miaka mingapi hao?

Salim (Columbus): Akitunzwa 30 anafika. Kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis alikuwapo mmoja aliyeletwa mwaka 1961. Mwaka 2020 alitaga mayai, wakati huo alikadiriwa kuwa na miaka 62, na kwa zaidi ya miaka 15 alikuwa hajakaribiana na dume.

Shangazi Rukia: Huyo atakuzika wewe na mizani yako.

Mama Salim: Mizani yangu.

*Jumapili, baada ya wiki mbili*

Salim (Columbus): KALA. Gramu 8. Ni panya wa friza, nimemyeyusha, nikampasha kwenye maji ya moto hadi akawa na joto la kiumbe hai, nikamshika kwa koleo refu. Kamvizia dakika kumi, nilikuwa hata sipumui.

Zuhura: Kwa nini asipewe mzima?

Salim (Columbus): Panya mzima anang'ata, na huyu hana nyama ya kung'atwa.

Mama Salim: Friza gani?

Salim (Columbus): Nimenunua kafriza kadogo mama, kake peke yake. Sambusa zako haziko humo.

Mjomba Hamisi: Usimshike siku mbili. Na mikono unawe kwa sabuni kila mara, hao wanabeba vijidudu vya salmonela, vinaharisha. Mtoto wa jirani asimchezee.

*Jumapili, baada ya wiki tatu nyingine*

Salim (Columbus): Uzito: alishuka hadi 129 kabla hajala. Wiki ya kwanza 134, ya pili 141, leo 150. Mlo nimeupandisha hadi gramu 12, kila siku ya saba. Siongezi haraka hata akiomba.

Salim (Columbus): Na amejivua gamba, limetoka zima kuanzia puani hadi mkiani, mpaka vifuniko vya macho!

[picha]

Mjomba Hamisi: Safi. Lingetoka vipandevipande ningekwambia unyevu haujatosha.

Zuhura: Kujivua gamba tena? Kikundi hiki siasa marufuku jamani

Mjomba Hamisi: 😂😂 Zuhura nitakutoa

Shangazi Rukia: Macho yake yamekuwa mazuri. Sijasema kitu.

Mama Salim: Gramu 150 umepima na mizani ileile?

Salim (Columbus): Nilinunua nyingine mama

Mama Salim: Picha.

[picha: mizani mbili juu ya meza, mojawapo imebandikwa karatasi: UNGA WA MAMA]

Mama Salim: Itenge na hiyo meza.