Mtoto wa miezi mitatu halali mpaka abebwe, naanzaje kumzoesha kulala mwenyewe?

mama_kifungua_mimba
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimechoka mpaka najisikia kulia. Mtoto wangu wa kwanza anakaribia miezi mitatu na nusu, ananyonya maziwa yangu tu na kliniki wanasema uzito unaenda vizuri. Shida ni kulala. Yani bila kubebwa na kutembezwa chumba kizima au awe na ziwa mdomoni hasinzii, na akishasinzia nikisema nimlaze taratibu, kichwa kikigusa tu godoro macho hayo kayatoa, tunaanza upya. Usiku ndo usiseme, anaamka kila baada ya lisaa limoja hivi. Kuna wanaoniambia nimwache alie atazoea, wengine wanasema bado mdogo nisubiri. Mtoto wa umri huu anaweza kweli kujifunza kulala mwenyewe? Na naanzia wapi bila kumtesa?

mzee_wa_kimya
Mwache alie, siku chache tu ananyooka. Wetu tulifanya hivyo, sasa hivi unamlaza, unazima taa, unaondoka zako.

mama_wa_watatu
Mkuu, mtoto wenu alikuwa na umri gani? Maana kama alishafikisha miezi sita nakuelewa, kuna wazazi wanamwachia kidogo kidogo wakiwa wanarudi kumcheki na inawasaidia. Lakini huyu wa miezi mitatu hana deko, analia kwa sababu hana njia nyingine ya kusema. Dada usimwache alie peke yake, na usisikilize wanaosema umemharibu kwa kumbeba, mtoto mdogo hivyo haharibiki kwa kubebwa.

nesi_wa_zamu
Nipo wodi ya watoto, ngoja nichangie kidogo. Hongera kwanza dada, uzito kupanda ni jambo kubwa.

Kichanga akizaliwa hajui usiku wala mchana, saa ya mwili inaanza kukaa sawa akifika miezi miwili mitatu hivi, na uwezo wa kujituliza kwa watoto wengi unakuja kati ya miezi minne na sita. Kwa hiyo wako anakaribia, huwezi kumdai ila unaweza kumuandaa. Sasa kwa nini anaamka kila lisaa? Usingizi wa mtoto unaenda kwa mizunguko, mmoja ni kama dakika 40 mpaka 60, ukiisha anazinduka kidogo. Hata sisi wakubwa tunazinduka usiku, tunageuka upande wa pili tunaendelea kulala, asubuhi hata hukumbuki. Yeye akizinduka anatafuta kile kilichomlaza. Alisinzia kifuani kwako, anafumbua macho yuko peke yake kwenye godoro, lazima aite.

Ndo maana wanasema mlaze akiwa kwenye mang'amung'amu, macho mazito lakini hajazama, ili mahali anaposinzia ndo pawe mahali anapozindukia. Jaribu usingizi mmoja tu kwa siku, ule wa kwanza wa asubuhi au wa mwanzo wa usiku, mingine mbebe kama kawaida. Ikigoma mnyanyue, kesho tena.

Halafu watu wengi hawajui hili, karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni usingizi mwepesi na bado upo mwingi kwa umri huo. Anaguna, anakunja uso, anarusha mguu, anafumbua jicho moja, hata anatoa kilio kifupi kisha kimya. Ukimnyanyua hapo hapo wewe ndo umemuamsha. Tulia kidogo, usiwashe taa, sikiliza. Kama ni kuguna muache. Kilio kikikaza mchukue, hapo anakuhitaji.

Na usalama jamani: alazwe chali, mchana na usiku, godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Awe chumba kimoja na nyie ila kwenye sehemu yake, angalau miezi sita ya mwanzo. Ukiwa umechoka hivyo usimnyonyeshee kwenye sofa usiku, ukipitiwa na usingizi hapo ni hatari sana. Kama mnamviringisha kwenye shuka, akianza dalili za kutaka kujigeuza acheni kabisa. Na asitokee mtu akakushauri dawa ya mafua au kikohozi ili alale, hapana.

Huko kujisikia kulia nako usikunyamazie, kama kunakujia kila siku na hakuondoki kaseme kliniki. Siku ukizidiwa, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache upumue kisha rudi.

baba_mlezi
Nikazie kwenye kumlaza maana kwetu hiyo ndo ilikuwa kazi yangu. Usianze na kichwa. Anza miguu, makalio, mgongo, kichwa kiwe cha mwisho, alafu mkono wako usiutoe, uache kifuani kwake mpaka pumzi itulie ndo uinue polepole. Akianza kuhangaika mpigepige taratibu ubavuni na umwambie shhh kabla hujamnyanyua. Na mwangalie kabla hajachoka kupita kiasi, umri huo akikaa macho lisaa limoja na nusu hivi ameshachoka, akianza kukwepa macho yako au kusugua uso ndo muda wake, ukichelewa atalia sana. Mumeo nae ashike zamu, hata ile moja ya jioni, kwake mtoto hasikii harufu ya maziwa.

mama_kifungua_mimba
Asanteni sana jamani, mmenifungua macho. Sasa swali, yeye analalia ziwa kila siku, nimkatize? Na ile nyonyo ya kutuliza inafaa?

mama_wa_watatu
Usimkatize mamii, sogeza tu. Mnyonyeshe kwanza akiwa macho, taa ikiwa bado ipo, kisha mcheulishe, badilisha pampasi, punguza mwanga, mwimbie wimbo ule ule, ndo umlaze. Akipitiwa kwenye ziwa sio mbaya. Ila usiku kunyonya bado anahitaji, usitegemee alale moja kwa moja mpaka asubuhi, lengo ni asikuite kila anapozinduka, akiita kwa njaa mpe.

nesi_wa_zamu
Nyonyo ni sawa kama kunyonya kumeshakaa vizuri, na kwa kwako naona kumekaa. Usiifunge na kamba shingoni wala kwenye nguo yake, na ikidondoka akiwa ameshalala usimrudishie.