Naomba ushauri: mashine za msaada za oksijeni, tupokee au tukatae?

Habari zenu wanakikundi. Naombeni mawazo, hasa kwa waliowahi kufanya kazi na hospitali.

Kikundi chetu huchangia wodi ya watoto ya hospitali ya umma. Sasa taasisi rafiki iliyo nje ya nchi inataka kutupa mashine za kuzalisha oksijeni zilizokwisha kutumika. Wazo ni zuri, maana mashine hizi huchuja hewa ya kawaida na kupunguza mbio za kujaza mitungi. Tatizo ni kwamba zimetengenezwa kwa umeme wa volti 110, na wetu ni 230. Fundi wa vifaa tiba anasema zitahitaji transfoma, vichujio na vipuri, na kwamba oksijeni inayotoka lazima ipimwe. Ikishuka chini ya asilimia 82 mashine haifai kwa mgonjwa. Uongozi wa hospitali unasema tu “leteni”. (Nani hukataa msaada mbele ya mfadhili?)

Tumewasomea wafadhili mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu misaada ya vifaa tiba, unaotaka mpokeaji aulizwe kwanza anachohitaji. Wamejibu kwamba mzigo umeshafungashwa.

Maswali yangu: kuna aliyefanikiwa kumshawishi mfadhili abadilishe vifaa kuwa fedha za matengenezo, bila kuvunja uhusiano? Na kwenye hati ya makubaliano, gharama za vipuri na mafunzo ya wauguzi mliziweka upande wa nani?