Mtego wa nzi wa maembe wanasa madume tu, nifanyeje?

Mngowe_Kisauni: Asalaam aleikum wakubwa. Nina miembe ya ngowe na boribo uani. Maembe yaoza, ukipasua wakuta funza. Agroveti wameniuzia mtego wa kopo, dawa yake yanukia kama karafuu. Nzi wajaa, ila jirani aliyesomea kilimo asema wote madume, hakuna mwenye mwiba wa kutagia. Sasa huyo jike atoboaye embe yuko wapi? Au nawaitia nzi wa mtaa mzima?

Bwana_Miche: Waaleikum salaam. Dawa hiyo ni methili yujenoli. Nzi wako yamkini ni Bactrocera dorsalis, yule aliyeonekana Kenya mara ya kwanza 2003. Dume lake lapenda kuila. Porini huipata kwenye maua na mimea kadhaa, hata mirehani mingine inayo. Ikiingia mwilini, huigeuza kuwa kemikali nyingine na kuziweka kwenye tezi karibu na njia ya haja. Magharibi ikikaribia, huzitoa huku akipiga mabawa, na majike huja. Kwa hivyo dume haji koponi kutafuta mke, aja kutafuta malighafi ya uturi wake! Jike hana haja nayo.

Nondo_Mjuzi: Kwa nondo mambo ni kinyume. Jike ndiye mwenye harufu, na huiunda kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe: vimeng'enya kwenye tezi ya ncha ya tumbo huchukua asidi ya mafuta na kuibadilisha hatua kwa hatua, homoni kutoka kichwani ikitoa amri. Butenandt, Mjerumani, alitangaza harufu ya nondo wa hariri 1959 baada ya kukamua tezi za majike kama nusu milioni. Kazi hiyo mimi siiwezi.

Mngowe_Kisauni: Shukran, lakini maembe yangu je?

Mama_Shamba: Mwanangu, kopo liache, lapunguza waume. Ila jike aliyekwisha pandwa kwa jirani atakuja tu, hivyo shaurianeni mtaa mzima. Ongeza chambo cha protini, kwani jike aihitaji kukomaza mayai. Yaliyoanguka okota kila siku, tia kwenye mfuko mweusi, funga kabisa, anika juani. Usiyatupe jaani, funza watatoka huko wakiwa nzi.

Bwana_Miche: Na matunda machache ya chini yavishe mifuko ya karatasi kabla hayajaanza kuiva.