Naomba ushauri: mitambo ya gesi na mvuke huendeshwaje usiku?

Habari za wakati huu, wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ninaandaa somo kuhusu kituo cha Kinyerezi II, Dar es Salaam, chenye uwezo wa megawati 240, ambako gesi asilia huchomwa ili kuzungusha mitambo, kisha moshi wake, ambao bado una joto linalozidi nyuzi 500, huchemsha maji ili mvuke uzungushe mtambo mwingine bila kuongeza gesi. Wanafunzi wangu hulipenda sana jambo hili, nami pia. Kinachonitatiza ni saa za usiku, mahitaji ya umeme yanaposhuka: je, ni bora kuzima baadhi ya mitambo ya gesi, au kuipunguza yote nguvu, ikizingatiwa kwamba boila ikipoa huchukua muda mrefu kupata moto tena? Naomba waliowahi kuendesha mitambo ya aina hii wanieleze.