Leseni mpya ya trela mkononi: kampuni kubwa, tajiri wa magari mawili, au usambazaji wa mjini?

Usukani_Mpya
Wakuu, habari za kazi. Nimepata leseni ya magari ya trela wiki tatu zilizopita. Chuoni nimeendesha saa chache, karibu zote mchana, trela tupu, uwanja mpana. Mtihani nimefaulu, lakini kazi yenyewe bado siijui, ndiyo maana nakuja kwenu kabla sijasaini popote.

Nina nafasi tatu. Ya kwanza ni kampuni kubwa ya masafa marefu. Wiki sita napanda na mkufunzi, kisha nakabidhiwa gari. Wanalipa kwa kilomita, na kuna mkataba: nikiondoka kabla ya mwaka narudisha gharama za mafunzo.

Ya pili ni tajiri mwenye magari mawili. Analipa kwa safari, na kwa hesabu ya mdomo anawashinda wote. Naanza Jumatatu, peke yangu. Kasema, "Leseni unayo, barabara unaiona."

Ya tatu ni usambazaji wa bidhaa kwa gari la tani kumi lisilo na trela. Malipo kwa saa, madogo. Maduka kumi na mbili hadi kumi na tano kwa siku, nashusha mzigo na utingo, jioni nalala kwangu.

Nina mtoto mchanga na deni la ada ya chuo, kwa hiyo moyo unanivuta kwa tajiri. Nisaidieni kupima.

Mzee_wa_Mizani
Kijana wangu, hongera kwa leseni. Nakuomba usianze peke yako, na nitakueleza kwa nini.

Mwezi wangu wa pili kazini nilitumwa kuchukua trela usiku. Nikarudi nyuma, nikasikia chuma kimegonga chuma, nikaamini imeshika. Nikaunga mipira ya upepo wa breki na waya wa taa, nikapandisha miguu ya trela, nikaondoka. Gari lilisogea mita mbili hivi, trela ikateleza ikaangukia pua. Pini ya chini ya trela ilikuwa imekaa juu ya sahani ya kuungia badala ya kuingia kwenye taya zake, kwa sababu trela ilikuwa imenyanyuliwa juu kidogo kuliko kichwa, yaani gari la mbele lenye injini. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila nilikatwa mshahara miezi mitatu.

Dawa yake inachukua dakika mbili. Ukishaingia chini ya trela, acha breki za trela zikiwa zimekaza, weka gia nyepesi, vuta mbele taratibu. Ikigoma kuachia, zima, shuka, piga magoti na tochi, tazama kwa macho kwamba taya zimefunga nyuma ya pini na hakuna mwanya kati ya trela na sahani. Hapo ndipo unapandisha miguu. Chuoni nilifundishwa, lakini saa saba usiku mtu akikuharakisha kwa simu, kitu usichokizoea unakiruka. Mkufunzi kazi yake ni kukaa pembeni mpaka kiwe mazoea.

Wiki sita hizo zina thamani kuliko tofauti ya malipo. Nenda kampuni.

Mama_Trela
Shikamoo Mzee. Kwa pini nakuunga mkono, kwa tajiri mdogo naomba nitofautiane nawe kidogo.

Mimi nilianza kwa tajiri wa gari moja. Mwezi mzima alikaa kiti cha abiria, mwenyewe, na chai yake kwenye chupa. Alinifundisha kushuka mlima kwa gia ya chini na breki ya injini tangu juu, kabla kasi haijashika, ili breki za magurudumu zibaki na nguvu chini. Na alinionya nisiiguse breki hiyo ya injini mvua ikinyesha na trela tupu, maana magurudumu ya kichwa yanaweza kuteleza trela ikaja kukunja gari ubavuni. Sijapata mwalimu kama yule. Zipo pia kampuni kubwa ambako mkufunzi analala wakati mwanafunzi anaendesha, kwa sababu gari linatakiwa litembee usiku na mchana.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukubwa wa kampuni uuweke pembeni. Nenda ukalione gari utakalopewa. Washa, subiri upepo ujae, zima injini, toa breki ya kuegesha ukiwa sehemu tambarare na magurudumu yamewekewa vizuizi. Kanyaga breki ushikilie dakika nzima huku ukitazama geji. Sindano ikishuka zaidi ya robo ya bar hivi (bar ndiyo kipimo cha upepo kwenye geji), kuna mahali panavuja, na kwenye ukimya huo utapasikia. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia mara nyingi. Kengele ya upepo mdogo inatakiwa ilie kabla sindano haijashuka chini ya bar 4. Ikikaa kimya, gari hilo usilipande, na mwenye gari asiyejali hilo usimfanyie kazi.

Pita matairi yote kwa mkono. Tairi lililolika upande mmoja tu linakuambia gari limekaa muda gani bila fundi.

Rivasi_Kumi
Naona hakuna anayeitetea ya tatu, ngoja nisimame nayo, maana ndiyo iliyonilea.

Kwenye masafa marefu unaweza kukaa siku mbili unanyoosha tu. Kwenye usambazaji unapiga rivasi kila duka: vichochoro, nguzo, watoto, pikipiki iliyopaki vibaya. Miezi minne tu macho yako yanajua mwisho wa gari uko wapi bila kuhesabu. Na unajifunza kushuka kuangalia kabla ya kurudi nyuma, kila mara, hata kama utingo anakupigia mkono kuwa njia nyeupe. Bodi likigonga nguzo, anayeulizwa ni dereva.

Ubaya wake niuseme wazi. Mgongo unafanya kazi kuliko usukani. Na ukikaa miaka miwili bila trela, mwajiri wa trela na watu wa bima watakuona kama mtu mpya, kwa sababu wanachotaka kukihesabu ni uzoefu wa gari lenyewe. Kurudi nyuma na trela ni kinyume, usukani kulia, trela inaenda kushoto, na mkono ukipoteza hiyo hisia unaanza upya. Ukiichukua, iwe na mpango wa miezi sita hadi mwaka, na uulize kama wana trela utakayohamia.

Kilomita_Tupu
Mkuu, kabla ya kulinganisha malipo, uliza nani analipa gari likiwa limesimama.

Nilivutwa na malipo ya kilomita. Wakaniambia kilomita 2,500 kwa wiki, na wiki nzuri kweli zilifika. Lakini kuna wiki nilikaa siku mbili kwenye foleni ya ghala nikisubiri kushusha, gari halijasogea, na kitabu cha malipo kimeandika sifuri kwa siku hizo mbili. Nilipogawanya mshahara kwa saa zote nilizokuwa mbali na nyumbani, jamaa wa usambazaji alikuwa ananizidi.

Malipo ya kilomita na ya safari yana ubaya mwingine: yanakufanya ujisukume mwenyewe. Ulaya waliliona hilo, kanuni yao namba 561 ya mwaka 2006 inakataza kumlipa dereva kwa umbali au kwa wingi wa mzigo pale malipo hayo yanapohatarisha usalama barabarani. Kanuni hiyohiyo inataka upumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na kwa siku usizidi saa 9, isipokuwa mara mbili kwa wiki unaruhusiwa kufika 10. Marekani dereva wa mizigo anaruhusiwa kuendesha saa 11, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Popote ulipo, zijue saa za kwako, kisha chukua safari anayokuahidi tajiri, gawa kilomita kwa mwendo halisi wa gari lenye mzigo, uone kama safari hiyo inawezekana bila kuiba usingizi.

Gia_Nzito
Mbona hamjamwambia habari ya tenka? Za mafuta zinalipa vizuri kuliko hizo zote, na mtoto mchanga hasubiri.

Mzee_wa_Mizani
Gia, kwa heshima, huyo kijana usimpeleke huko sasa. Mzigo wa maji maji unatembea. Ukifunga breki, mzigo unaendelea mbele, unagonga ukuta wa tangi, unakusukuma hata kama umeshasimama. Tangi la nusu ni baya kuliko lililojaa, maana nafasi ya kuyumba ni kubwa, na kwenye kona ndiko linakolala. Kuta za ndani zinapunguza msukosuko wa mbele na nyuma, ule wa pembeni unabaki. Aifikie akiwa na miaka kadhaa ya mzigo uliotulia.

Usukani_Mpya
Wakuu, nawashukuru wote kwa moyo. Jana na leo nimezunguka yadi zote tatu.

Kwa tajiri nilifanya kama Mama_Trela alivyosema. Kengele ililia vizuri, lakini sindano ilikuwa inashuka nikiitazama, na mlio ulitoka nyuma ya gurudumu la kulia la trela. Nikamwuliza: saa nane usiku usingizi ukinishika nikasimama, mzigo ukachelewa, itakuwaje? Akasema ucheleweshaji unakatwa kwenye safari. Hakunificha, na ninamheshimu kwa hilo, ila siwezi.

Kampuni niliomba mkataba nikausome nyumbani. Deni la mafunzo linapungua kila mwezi, halibaki lote mpaka mwisho wa mwaka. Kusubiri ghalani wanalipa baada ya saa mbili za mwanzo. Mkufunzi nilimkuta, nikamwuliza kama huwa analala wanafunzi wakiendesha. Akasema wiki mbili za kwanza halali kabisa, wanasimama wote. Nikamwona dereva aliyemaliza naye mwezi uliopita, akasema ni kweli.

Nasaini kesho. Kilomita za mwanzo zitakuwa chache, na nimeshakaa na mke wangu tukapanga deni la ada tulilipe kidogo kidogo. Kuna kitu cha kununua kabla sijaanza?

Mzee_wa_Mizani
Glovu na tochi ya kufunga kichwani. Ya simu achana nayo, kwenye mipira ya upepo utahitaji mikono yote miwili.